Shingo ya Bata Inapolala: Maswali Yenu Juu ya Kukunja Taulo

Barua nyingi za mwezi huu zinahusu wanyama wa taulo: wale bata, tembo na kima ambao wageni huwakuta kitandani katika hoteli za Zanzibar, Diani na Watamu, na ambao siku hizi watu wanawakunja majumbani, kwenye vyumba vya maharusi na kwenye sherehe za watoto. Tumechagua zile zenye tatizo mkononi. Vipimo tunavyotaja ni vya taulo la kuogea la sentimita 70 kwa 140, na la mikono la 50 kwa 100, isipokuwa tukisema vingine.

Swali: Namkunja bata wa shingo ndefu kama nilivyoonyeshwa. Anakaa vizuri dakika tano, kisha shingo inalala pole pole mpaka mdomo unagusa shuka. Nimemwekea mto nyuma, bado. Nakosea wapi? (Binti wa Kigamboni)

Jibu: Inayoanguka ni shingo, binti yetu, lakini kosa karibu kila mara limefanyika mapema, wakati wa kuviringa. Karatasi ukiikunja inabaki na alama na inakaa vile vile. Taulo halishiki mkunjo, ukiliachia linarudi. Kinachomsimamisha bata ni mkazo wa ule uviringo. Vitanzi vidogo vilivyojaa juu ya taulo hukamatana tabaka kwa tabaka, na sehemu iliyoviringwa, ambayo humu tutaiita bomba, inakuwa ngumu kama fimbo. Bomba likibaki na hewa ndani, tabaka hazishikani, na uzito wa kichwa unalishinda.

Anza upya hivi. Tandika taulo mezani au sakafuni, si kitandani, kwa sababu godoro linabonyea na kukunyima mkazo. Tafuta katikati ya upande mmoja mfupi, yaani sentimita 35 kutoka kila kona. Hapo ndipo patakuwa mdomo. Mwombe mtu akubanie hapo kwa kidole, au weka kitu kizito. Sasa shika kona ya kulia ya upande huo huo na uanze kuviringa kwa mshazari kuelekea mstari wa katikati: karibu na mdomo kaza sana, kadiri unavyoshuka kuelekea mkia achia bomba linenepe. Kila baada ya mzunguko mmoja simama, weka viganja vyote viwili juu ya bomba, livute kuelekea kwako kama unayekaza mkeka, ndipo uendelee. Wengi huviringa kwa ncha za vidole, na ndipo hewa inapoingia. Fanya vivyo hivyo upande wa kushoto mpaka mabomba mawili yakutane katikati. Utapata umbo la mkuki, ncha nyembamba na mwisho mpana.

Kabla ya kukunja lolote, lipime. Shika mkuki kwa ngumi, shubiri moja kutoka kwenye ncha, uinue wima. Ncha ikisimama bila kuinama, endelea. Ikiinama, fungua yote. Hakuna mto wala kibanio kitakachoiokoa shingo iliyoviringwa kwa ulegevu, na ni afadhali kupoteza dakika tatu hapo kuliko kurudi chumbani kila saa kuinua mdomo.

Ukisharidhika, geuza mkuki ili mabomba yatazame chini. Kunja mara mbili kama herufi Z: mara ya kwanza sentimita 60 kutoka kwenye mkia, hapo ni kifua, mara ya pili sentimita 25 kutoka kwenye ncha, hapo ni utosi. Bonyeza mkunjo wa kifua kwa uzito wa mkono wako mzima na uhesabu hadi kumi. Shingo isisimame wima kabisa. Iache iegemee nyuma kidogo, juu ya mwili, ili uzito wa kichwa ushukie mgongoni badala ya kuning'inia mbele ya kifua. Kwa mikono inayoanza, shingo ndefu ni tamaa tu. Ongeza mwili ufike sentimita 70 na shingo itafupika yenyewe.

Ule mto wako uondoe. Chukua taulo la pili, likunje kwa urefu mara mbili, kisha lipige marinda ya upana wa vidole vinne kama feni, ulisimamishe nyuma ya shingo. Hilo linakuwa mabawa na mhimili kwa pamoja. Na ukikunja bata wawili kwa ajili ya maharusi, wasogeze mpaka vifua na midomo viguse: shingo mbili zinachora moyo, na kila mmoja anamzuia mwenzake asilale. Ndiyo maana mabata wa hotelini mara nyingi huwekwa wawili wawili hata kama mgeni hakuja fungate.

Swali: Mataulo gani yanafaa? Duka la mtaani kwetu lina ya aina tatu na muuzaji anasema yote ni pamba. (Msomaji wa Ilala)

Jibu: Usimuulize muuzaji, uliza mizani. Taulo la 70 kwa 140 lina eneo la karibu mita moja ya mraba kamili, kwa hiyo uzito wake kwa gramu unakupa moja kwa moja kile viwanda vinachokiita gramu kwa mita ya mraba. Likisoma gramu 400 hadi 500, hilo ndilo. Chini ya 350 ni jepesi mno, bomba lake ni kama kamba iliyolegea. Likizidi 600 ni zuri sana kujifutia, lakini bomba lake linakuwa nene kama paja na halikubali kukunjwa Z bila kufunguka. La mikono la 50 kwa 100 ni nusu mita ya mraba, kwa hiyo uzito wake uzidishe mara mbili ndipo ulinganishe.

Jambo la pili ni utelezi. Pitisha kiganja juu ya taulo jipya: ukihisi ulaini kama wa hariri, kiwanda kimelipaka dawa ya kulainisha. Lifue mara mbili kwa sabuni ya kawaida kabla ya kulikunja. Na usitumie maji ya kulainishia nguo, yale ya rangi na manukato. Yanaacha utando kwenye nyuzi, taulo linateleza na pia linapungukiwa uwezo wa kunyonya maji. Kama umekuwa ukiyatumia kwa miezi, tia nusu kikombe cha siki nyeupe kwenye maji ya kusuuzia, mara mbili tatu. Siki hiyo usiichanganye kamwe na jiki. Mchanganyiko huo hutoa gesi ya klorini, yenye sumu.

Ikiwa unajifunzia tu, nenda mitumbani, Karume kwako wewe, Gikomba kwa wasomaji wa Nairobi. Taulo la mtumba limeshafuliwa mara nyingi na dawa ya kiwanda imetoka. Liinue juani utazame katikati. Ukiona mwanga unapita kwa mabaka, vitanzi vimekwisha, liache. Angalia pia ule mkanda bapa usio na vitanzi karibu na kila ncha. Ukiwa mpana kuliko vidole viwili utakusumbua, kwa sababu hapo hakuna kinachoshikana na bomba hufungukia pale pale.

Swali: Tembo wangu anatandaza miguu kama mbuzi aliyezaliwa leo. Nikimwekea kichwa ndio anaanguka kabisa. Naomba hatua moja moja, tafadhali, maana nimekata tamaa. (Mama wa watoto watatu, Tanga)

Jibu: Usikate tamaa, mama. Tembo ana siri moja, na watu wengi huiruka kwa sababu inaonekana kama urembo: ile nafasi ya katikati.

Tandika taulo la kuogea, upande mrefu ukilala mbele yako. Kunja ncha ya kushoto kuja ndani sentimita 32, na ya kulia vivyo hivyo. Katikati itabaki nafasi ya sentimita 12 hivi, karibu upana wa kiganja na dole gumba, ambapo taulo ni tabaka moja tu. Kwingine kote ni tabaka mbili. Usizikutanishe ncha. Ukizikutanisha, mgongo wa tembo utakuwa mnene, hautakubali kupinda, nao utaisukuma miguu kando. Hilo ndilo linalompata mbuzi wako. Mikunjo ya pembeni nayo ina kazi: ndiyo itakayokuwa nyayo, na kwa kuwa ni mikunjo si pindo, nyayo zinakuwa sawa na nzito.

Sasa viringa kutoka upande mrefu ulio karibu nawe kwenda katikati, kwa kukaza kama tulivyomweleza binti wa Kigamboni. Kisha geuza meza, au zunguka wewe, uviringe upande wa pili ukutane na wa kwanza. Mabomba mawili yalale sambamba, unene sawa. Bomba moja likiwa nene kuliko jingine, tembo atachechemea, na dawa ni kufungua yote mawili, si lile moja. Shika mabomba yote kwa mikono miwili pale penye nafasi nyembamba, uyapinde kwa pamoja, mabomba yakibaki upande wa ndani. Nyayo nne zinashuka, mgongo unapanda juu. Msimamishe juu ya meza, mkandamize mgongoni kwa kiganja, usogeze miguu mpaka iachane upana wa ngumi. Urefu wake utafika sentimita 35 na kidogo.

Kichwa ni taulo la mikono. Litandike upande mrefu ukiwa mbele yako na ubane katikati ya upande huo, sentimita 50 kutoka kila kona. Viringa pande mbili kwa mshazari kukutana pale ulipobana, sawasawa na bata, ila huku acha sehemu ya juu ibaki pana na laini bila kukazwa. Geuza. Ncha ni mkonga: iviringe juu mara mbili, kama mtu anayekunja kona ya mkeka. Upande mpana ukunje nyuma kwa sentimita 15, kisha ingiza vidole kwenye tabaka za pembeni na uzivute kulia na kushoto. Hayo ni masikio. Yavute kwa upole na kwa usawa. Sikio likivutwa kwa nguvu linafungua mkonga.

Kosa la kichwa ni kukitundika mbele ya mwili kama taa ya gari. Ile sehemu uliyokunja nyuma, sentimita 15, ilaze juu ya mgongo, na paji la uso likae juu ya miguu ya mbele. Mkonga uegemee kati ya miguu hiyo. Uzito wote sasa unashuka wima. Kama utamweka kitandani, mtandikie chini sahani bapa au kipande cha mbao nyembamba na ukifunike kwa kanga iliyokunjwa, maana juu ya godoro tupu hata tembo aliyekunjwa vizuri hupanua miguu.

Swali: Nikipulizia wanga wa kunyooshea nguo, wanyama watadumu zaidi? (Msomaji wa Morogoro)

Jibu: Hapana. Wanga unakaza sehemu ya juu tu, ndani bomba linabaki vile vile. Na hilo taulo mtu atajifutia uso.

Swali: Ninaishi Maskati. Mataulo ya huku ni makubwa, langu ni 100 kwa 150. Bata anatoka na shingo fupi nene kama chupa. Nifanyeje? (Msomaji wa Oman)

Jibu: Unene huo hautokani na ukubwa wa taulo bali na uwiano wake. Bata anataka taulo ambalo urefu ni mara mbili ya upana. La kwako ni mara moja na nusu. Kabla ya kuviringa, kunja sentimita 25 za upande mmoja mrefu kuja ndani, nawe umepata 75 kwa 150, ambayo ni uwiano sahihi. Upande uliokunjwa utakuwa na tabaka mbili, kwa hiyo bomba lake litanenepa. Liweke upande usiotazamwa, na liviringe la pili kwa kulegeza kidogo sana ili yalingane. Kwa tembo taulo lako linafaa kama lilivyo, utapata tembo mkubwa mwenye miguu minene. Kunja ncha sentimita 34 kila upande, nafasi ya katikati ibaki 14.

Huko kwenu mna faida moja ambayo wasomaji wetu wa mwambao hawana: chumba chenye kiyoyozi ni kikavu. Pamba hunyonya unyevu wa hewa, na hapa wakati wa masika taulo lililokauka kabisa asubuhi linakuwa zito jioni bila kuguswa na tone la maji.

Swali: Habari za kazi. Niko Ukunda na nataka kumning'iniza kima kwenye hanga, kama wale tunaowaona hotelini. Mwili wake unakuwa mpira tu, mikono haitoki. (Msomaji wa Kwale)

Jibu: Salama, kaka. Kima ni tofauti na wengine wote, kwa sababu yeye haviringwi tu, anavutwa. Viringa taulo la kuogea kutoka kwenye ncha zote mbili fupi mpaka mabomba yakutane katikati, kila moja likiwa na urefu wa sentimita 70. Sasa likunje nusu, ukiyapinda mabomba katikati ya urefu wake, na mabomba yatazame nje, si ndani. Hapo ndipo mpira wako ulipotoka, maana ukiyafungia ndani hayana pa kupitia.

Tazama miisho minne ya mabomba. Katikati ya kila mwisho, ndani kabisa ya uviringo, imejificha kona moja ya taulo. Ingiza kidole, ivute nje sentimita 10 hivi, na ufanye hivyo kwa zote nne. Shika kona mbili za juu kwa mkono mmoja na mbili za chini kwa mkono wa pili, kisha vuta mikono yako iachane, taratibu, bila kutikisa. Mabomba yatarefuka kama darubini ya nahodha, na ghafla utaona mikono miwili, miguu miwili na tumbo katikati. Simama mara tu unapoona tumbo limebaki la ukubwa wa ngumi mbili. Ukiendelea kuvuta, tumbo linaisha na kima anakuwa kamba.

Hapa, tofauti na bata, usiviringe kwa nguvu zako zote. Bomba lililokazwa mno linakataa kurefuka, na kona inatoka peke yake bila kuvuta mwili.

Kichwa kizuri na rahisi: kunja taulo la uso kuwa donge, liweke katikati ya taulo la mikono, lizungushie taulo hilo, ufunge shingoni kwa rababendi. Vuta nje vipande viwili vidogo kwa masikio, na vibane chini yake kwa rababendi nyembamba. Mabaki ya chini ya shingo yasokomeze kati ya mikono. Bana mikono kwenye hanga kwa vibanio vya nguo viwili kila mkono. Hanga ya waya itapinda, maana mwili na kichwa kwa pamoja vinakaribia gramu 700. Tumia ya mbao. Wageni wa Zanzibar waliotoka Jozani kuwaona kima punju hufurahi sana wakimkuta huyu amening'inia kwenye reli ya pazia, na kofia yao wenyewe kichwani.

Swali: Tunaandaa sherehe ya watoto kumi na wawili, miaka sita hadi minane. Kuna mnyama ambaye mtoto anaweza kumkunja mwenyewe? (Mwalimu wa Bagamoyo)

Jibu: Sungura, mwalimu. Kila mtoto mpe taulo la uso la sentimita 30 kwa 30 na rababendi moja. Akunje kona kwa kona apate pembetatu. Aviringe kutoka kwenye ncha kwenda kwenye upande mrefu, apate kijiti chenye miisho myembamba. Akunje kijiti nusu, miisho ikae pamoja, kisha airudishe miisho hiyo nyuma mpaka ifike pale kwenye mkunjo wa kwanza. Rababendi ikae katikati ya furushi lote. Upande wa mkunjo mpya ni kichwa, upande wa pili ni mwili, na ile miisho miwili inayolala juu ya mwili ndiyo masikio, yavutwe juu. Mkia ni kipande cha pamba.

Watakwama mahali pamoja: wataviringa kijiti kikabaki wazi mwishoni. Waambie waviringe juu ya paja, kama anayesokota ukambaa wa ukili. Mikono ya watoto ni midogo, na paja lina joto na linashika. Rababendi zihesabu kabla na baada ya sherehe.

Swali: Nilipamba kitanda cha maharusi kwa bata na maua ya waridi mekundu. Asubuhi mataulo meupe yalikuwa na madoa. Na macho je, niweke nini? (Mpambaji wa Mombasa)

Jibu: Pole, dada. Petali nyekundu, ziwe za waridi au za bogonvilia, zikikandamizwa zikiwa na maji huacha rangi. Zipanguse kwa kitambaa kikavu kwanza, uzitawanye juu ya kanga au leso iliyotandikwa, si juu ya taulo wala chini ya mwili wa bata, na uziweke mwisho kabisa. Asumini haina rangi ya kuogopesha lakini hugeuka kahawia kufikia asubuhi, kwa hiyo itoshe kwa saa chache tu. Doa likishaingia, lisuuze mara moja kwa maji baridi. Maji ya moto yanaweza kuligandisha.

Macho: duara la karatasi nyeusi la sentimita moja na nusu, limebandikwa kwa utepe wa gundi ya pande mbili. Karafuu kavu nayo inapendeza sana, kikonyo chake kinajibana kwenye vitanzi bila gundi yoyote, na chumba kinanukia. Iondoe kabla taulo halijalowa, maana huacha doa la kahawia. Pini usitumie hata moja, hata ile ndogo ya hijabu. Mnyama huyu mwisho wake ni kujifutia, na bwana harusi hatakumbuka kukagua pini gizani. Vifungo vya shati viache kama kuna mtoto mdogo nyumbani, atavimeza.

Swali: Ufundi huu ulianzia wapi? Wengine wanasema Japani. (Msomaji wa Arusha)

Jibu: Japani ni kwa karatasi. Kukunja vitambaa kuwa wanyama kuna historia yake Ulaya: mwaka 1629, mjini Padua, Italia, Mattia Giegher alichapisha maelekezo yenye michoro ya kukunja vitambaa vya mezani kuwa ndege, samaki na wanyama wengine kwa ajili ya karamu za matajiri. Vile vilikuwa vya kitani, vikapigwa marinda madogo madogo. Taulo la vitanzi lilikuja baadaye sana. Ufumaji wake ulitoka Uturuki, mji wa Bursa ukisifika kwa hilo, na kampuni ya Christy ya Uingereza ililionyesha kwenye maonyesho makubwa ya London ya 1851. Wanyama wa taulo wenyewe wamepata umaarufu kupitia meli za starehe za Karibi, na kutoka huko mtindo ukaenea mahotelini, pwani yetu ikiwemo.

Swali: Kanga je, inakunjika? Au kikoi? (Bibi wa Lamu)

Jibu: Shikamoo, bibi. Kanga peke yake haisimami, haina vitanzi na inateleza, lakini inampamba mnyama kuliko kitu kingine chochote. Ikunje kwa urefu mpaka iwe utepe wa vidole vinne, pindo likiwa juu, umfunge bata shingoni mahali pale pale shingo inapoanza. Inapendeza, na inasaidia kukaza. Kwa tembo, ikunje mraba wa shubiri moja na nusu uilaze mgongoni kabla ya kuweka kichwa, jina la kanga likisomeka ubavuni. Kikoi cha kawaida ni vivyo hivyo. Kile kilichoshonewa taulo ndani kinakubali kuwa bata.

Swali: Naweza kumwacha mnyama kwa siku ngapi? (Msomaji wa Pemba)

Jibu: Huko kwenu, siku mbili, na wakati wa mvua usiku mmoja. Ndani ya bomba hewa haipiti, na taulo lililokunjwa likiwa na unyevu kidogo tu litatoa harufu ya uvundo hata kama kwa nje linaonekana kavu. Kabla ya kukunja, lianike juani mpaka pindo lake, ambalo ndilo nene, likauke kabisa. Ligusishe shavuni, shavu linahisi ubaridi wa unyevu ambao kiganja hakiuhisi. Ukimfungua mnyama, likung'ute mara tatu ili vitanzi visimame, ulitandaze saa moja kabla ya kulikunja tena. Na kila mara anza kuviringa kutoka ncha tofauti na ile ya jana, usije ukaona baada ya miezi michache upande mmoja umechakaa vitanzi na mwingine bado mpya.